Naomba ushauri: kompyuta ya zamani inakataa ruta ya nyumbani

Jambo wakubwa, niko Bukavu, Kadutu. Nimekwama.

Nina kompyuta ya mezani ya marehemu baba, Windows XP Service Pack 2 (SP2). Ndani kuna picha za familia ambazo sina kwingine, na matundu ya USB hayasomi flashi tena. Wifi inaiona, naandika nywila, inazunguka weee, kisha inakata. Nimeambiwa SP2 bila nyongeza haijui WPA2, aina ya ulinzi wa wifi ambayo ndiyo ruta yangu inatumia. Kushusha hadi WEP, ulinzi wa zamani ulio dhaifu, sitaki, majirani watajipakulia.

Nikaja kwenye waya. Kitaa cha kijani nyuma kinawaka, lakini anwani inaanza na 169.254, yaani ruta haijaipa kitu. Nimebadilisha waya, nimebadilisha tundu la ruta, nimezima na kuwasha (umeme wa mtaa nao umenisaidia kuzima mara tatu). Bado ni ile ile.

Niandike anwani kwa mkono, ama kadi ya mtandao ndiyo imechoka? Na ikikubali, laptopu yangu ya Windows 11 itaziona picha bila kuwasha SMB1 (njia ya zamani ya kushirikisha faili kwenye mtandao), au ning'oe diski tu? Naogopa kuigusa, inalia kama kinu.

Aksanti sana.