Utumwa kwenye gemu ya kubuni: kipimo kimoja cha wema au sifa kwa kila kundi?

Mjenzi_wa_Dola
Wakuu habari zenu. Natengeneza gemu ya RPG (mchezaji anaigiza mhusika ndani ya hadithi), ina dola inayoishi kwa utumwa, mashamba na migodi yote inaendeshwa na watumwa. Inabidi niamue kabla sijaanza kuandika misheni. Kuna kipimo kimoja cha wema na ubaya, au kila kundi liwe na sifa yake kwako, au tusiweke kipimo kabisa, wahusika wakumbuke tu ulichofanya. Nyie mngechukua ipi?

kete_sita
Mkuu mbona umeacha mambo ya msingi? Mchezaji anaweza kumiliki watumwa? Anaweza kukamatwa yeye akauzwa? Makundi mangapi? Bila hayo tunabahatisha.

Asha_Pikseli
Kipimo kimoja achana nacho. Kwenye gemu ya Fallout 3 ukiuza watu karma, yani kipimo chao cha wema, inashuka, ukiwapa ombaomba maji safi inapanda tena, yani mtu uliyemuuza anafidiwa kwa chupa ya maji. Fallout: New Vegas ya 2010 wakaongeza sifa kwa kila kundi, na humo mema na mabaya yanahesabiwa mbalimbali, moja halifuti lingine. Mimi nakwambia fuata hiyo.

mzee_wa_modi
Nilikuwa kwenye timu ndogo tukatengeneza modi (nyongeza ya gemu iliyopo) yenye soko la watumwa, kiongozi wetu akang'ang'ania kila anayeachiwa huru alete pointi kumi za wema, nilipinga mapema hakusikia. Haikuchukua muda wachezaji wakagundua ukinunua watu sokoni ukawafungua pale pale getini pointi zinamiminika tu, na soko letu lilifuata mahitaji, kwa hiyo mfanyabiashara akiona mauzo makubwa anatuma msafara kuteka wengine. Mchezaji anaitwa mkombozi mji mzima huku vijiji vinavamiwa kwa hela yake! Na walioachiwa wanasema asante wanapotea kwenye ramani, maana hakuna aliyewaandikia pa kwenda. Kuna mama mmoja mtumwa, msanii wetu alimchora na kovu la pingu kifundoni, kazi nzuri sana, kwenye kodi ya programu alikuwa pointi kumi basi. Iliniuma.

Asha_Pikseli
@mzee_wa_modi hapo kwenye pa kwenda ndo penyewe. Watumwa wenyewe wawe kundi, wana viongozi, wana wasaliti, wana mipango hata kama mchezaji hajafika. Mwingine akatae kutoroka kwa sababu mwanae yuko shamba lingine.

kete_sita
Naunga mkono, ila msiwafanye malaika. Uasi wa Zanj, watumwa walioasi kusini mwa Iraq, 869 mpaka 883, walijenga mji wao, wakapiga sarafu, 871 wakaiteka Basra, na inaelezwa nao walichukua mateka wakawafanya watumwa. Hiyo ni misheni tosha.

Bint_Ramani
Hapo nakupinga kaka. Ukianza hivyo gemu inaishia kusema pande zote ni sawa, na mwenye shamba anapata utetezi. Weka makosa yao sawa, ila mchezaji kwanza aone siku nzima ya mgodini.

kete_sita
Sijasema sawa dada, nimesema ni watu.

Mjenzi_wa_Dola
Samahani nimechelewa. Makundi manne, kukamatwa inawezekana, kumiliki bado sijaamua.

mzee_wa_modi
Ukiruhusu kumiliki isiwe na faida safi. Mlinzi anataka mshahara, zana zinavunjwa makusudi, watu wanatoroka usiku. Hesabu ya mwenye shamba iwe na hofu ndani yake.

Bint_Ramani
Mimi ningezuia kabisa.

Asha_Pikseli
Ukizuia mchezaji hatakataa chochote, umeshamkatalia wewe.

Bint_Ramani
Kukamatwa kunatosha. Akishavaa pingu anajua.

kodi_usiku
Swali la pembeni, hiyo ya wahusika kukumbuka mnaihifadhi vipi? Kwangu kila mhusika ana orodha ya matukio na faili la seivu limekuwa zito balaa.

mzee_wa_modi
Usihifadhi kwa kila mtu, hifadhi tukio mara moja na orodha ya walioliona. Unatumia injini gani ya gemu?