Muhtasari wa kikao: niandike kila kinachosemwa au maazimio tu?

Katibu_Mpya
Wakuu, salaam. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanachama 22, katibu ndiyo mimi. Kikao cha saa mbili kinanitolea kurasa saba, na bado watu wanauliza, "Hivi faini tuliamuaje?" Nikifupisha, wengine wanalalamika hoja zao zimeachwa. Mnafanyaje?

mzee_wa_faili
Kurasa mbili zinatosha, mkuu. Watu wanatafuta azimio, wewe unawapa mazungumzo. Kabla ya kikao chora mstari kwenye daftari: upande mpana wa hoja, upande mwembamba wa maazimio. Ajenda ikifungwa, upande mwembamba uwe na nini, nani, kiasi gani, lini. Kimoja kikikosekana usikubali mwenyekiti apite. Nyoosha mkono: "Mwenyekiti, naomba niisome nilivyoiandika." Hapo ndipo utakapoona watu waliokuwa "wamekubaliana" kumbe kila mmoja alielewa lake.

Mbovu: "Wajumbe walijadili faini kwa kina na kukubaliana iongezwe."
Nzuri: "Azimio 4.1: Faini ya kuchelewa iwe Sh. 2,000 (elfu mbili) kuanzia kikao cha tarehe 5 Julai. Mweka hazina ataikusanya. Waliokubali 14, waliokataa 3, hakupiga kura 1."

Majina ya wasemaji acha, isipokuwa aliyetoa taarifa rasmi au aliyeomba upinzani wake uandikwe.

Chama_Mombasa
Naongeza sentensi moja ya sababu juu ya kila azimio. Ukiandika faini imepanda bila kusema kwa nini, kikao kijacho mjadala unaanza upya, tena na wale wale.

Angalia saa pia. "Saa 10:00" mmoja ataisoma saa kumi jioni, mwingine saa nne asubuhi. Andika "saa 4:00 asubuhi". Na mtu akisema "nitaleta kesho", weka tarehe. Muhtasari unasomwa mwezi mmoja baadaye, kesho gani hiyo? (Na tafadhali, ni kumbukumbu au muhtasari. Wanaotafsiri "minutes" ya Kiingereza kuwa "dakika za mkutano" wapo!)

dada_wa_masjala
Wengi wanakosea kwenye mahudhurio. Tenganisha waliohudhuria, wenye udhuru, wasio na udhuru na waalikwa, kisha taja kama akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kikao kiwe halali) ilitimia kwa mujibu wa katiba yenu. Bila hiyo, azimio la kubadilisha watia saini wa akaunti linaweza kurudishwa na benki.

Andika nakala safi ndani ya siku mbili, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Kosa likionekana wakati wa kuthibitisha, usifute wala kupaka wino mweupe: kata kwa mstari mmoja, andika maneno yaliyo sawa juu yake, mwenyekiti na katibu waweke saini fupi pembeni. "Yatokanayo", yaani ajenda ya kufuatilia kikao kilichopita, ipitie azimio kwa azimio: limetekelezwa, bado, au limeahirishwa hadi lini.

"Mengineyo", ile ajenda ya mwisho ya mambo yasiyopangwa, ndiyo mtego. Mtu analeta ombi la mkopo mkubwa nusu ya watu wameshaondoka. Hilo lihamishieni ajenda ya kikao kijacho.

Katibu_Mpya
Asanteni sana. Na kurekodi kwa simu?

mzee_wa_faili
Omba ruhusa kikao kinapofunguliwa na uandike kuwa imetolewa. Tumia sauti kuhakiki tarakimu na maneno ya azimio tu. Ukianza kunukuu yote utarudi kwenye kurasa saba. Muhtasari ukithibitishwa, futa sauti hiyo.