Oxford, Mississippi: tule wapi mwisho wa juma wa mchezo?

Mzazi wa Dallas

Habari zenu, ndugu zangu. Kijana wetu yuko mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Mississippi mjini Oxford, na Oktoba tunakusudia kumtembelea kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, wakati timu ya chuo, Ole Miss, itakapocheza nyumbani futiboli ya Kimarekani. Tutafuatana na mama yangu mzazi kutoka Tanga, ambaye ana miaka 74 na hawezi kusimama kwenye foleni. Hali nyama isiyochinjwa kihalali, kwa hiyo kwake ni samaki, mayai na mboga. Sisi wengine tunakula kuku, ila nguruwe hatumgusi. Mwaka jana tulikwenda bila maandalizi, tukazunguka katikati ya mji, pale panapoitwa Square, kwa saa mbili nzima, na kila mlango tukaambiwa tusubiri, hata tukaishia kula biskuti ndani ya gari. Ningependa safari hii mama aonje chakula cha watu wa huko hasa.

Aliyesoma Oxford

Shikamoo mama. Nilisoma pale miaka minne na kufanya kazi jikoni mwisho wa juma, kwa hiyo masaibu yenu nayafahamu. Mji una wakazi wapatao 25,000, ilhali uwanja wa Vaught-Hemingway unaingiza watu 64,038, na wengi huja bila hata tiketi, kwa ajili ya shamrashamra tu. Migahawa ya Square haiwezi kuwatosha wote hao kwa wakati mmoja. Ujanja ni kula wakati wenzenu wako uwanjani. Mchezo ukianza, Square hupungukiwa na watu ghafla, na mahali kama Ajax Diner, ambapo tangu 1997 wanapika vyakula vya nyumbani vya Kusini mwa Marekani, bibi anaweza kupata kiti. Kwa hiyo jueni kwanza saa ya mchezo: ukianza saa tano asubuhi, kuleni mchana, ukianza saa kumi na mbili jioni, kuleni usiku.

Ijumaa jioni nendeni Taylor, kijiji kilicho kama kilomita 13 kusini mwa Oxford, kwenye duka kuukuu la Taylor Grocery. Hapo chakula ni kambale, samaki anayefugwa kwenye mabwawa ya jimbo la Mississippi. Hupakwa unga wa mahindi na kukaangwa, na unga huo hukauka vizuri bila nyama kupoteza ulaini. Foleni ipo, lakini watu husubiri barazani huku wamekaa wakizungumza, nanyi mkifika mapema kabla ya jua kutua hamtasubiri sana. Waulizeni kama mafuta ya kukaangia samaki hukaangiwa pia kuku, maana bila shaka bibi atataka kujua.

Dada wa Memphis

Mdogo wangu hapo juu amesema vyema kuhusu saa. Mimi naongeza jambo lililonisumbua kwa miaka: huku Kusini nguruwe hujificha kwenye mboga. Utaona kunde, utaona bamia, utaona majani yanayofanana kabisa na sukuma wiki, ukadhani umefika nyumbani. Na kwa kweli kunde na bamia vilitoka Afrika pamoja na watu waliochukuliwa utumwani. Lakini majani yale huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na mfupa wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi, maharage vilevile, na mkate wa mahindi pengine umepakwa mafuta yake. Ukiuliza kama sahani ina nyama, mhudumu atakujibu kwa moyo safi kwamba haina, kwa kuwa kwake mfupa ule ni kiungo tu. Uliza hivi: mboga hii imepikwa na nini? Hata kamba wa baharini juu ya uji mzito wa mahindi, chakula kilichoipatia sifa City Grocery ya pale Square, huwekwa nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa.

Mzazi wa Dallas

Nawashukuru sana. Taylor tutakwenda. Sasa nisaidieni kuhusu Jumamosi kabla ya mchezo: kijana anasema marafiki zake watakuwa na hema kwenye bustani ya Grove. Je, mama atapata chochote cha kula?

Aliyesoma Oxford

Atapata, na huenda ikawa ndiyo sehemu atakayoipenda zaidi. Grove ni bustani ya miti mikubwa ndani ya chuo, na siku ya mchezo hujaa mahema mekundu na ya buluu, mengine yakiwa na meza zilizotandikwa vitambaa na vyombo vya fedha kama harusini. Moto hauruhusiwi, kwa hiyo hakuna anayechoma nyama. Chakula huletwa kikiwa tayari: kuku wa kukaanga, mayai yaliyochemshwa na kujazwa kiini kilichopondwa, na mikate yenye jibini lililosagwa na pilipili tamu. Mayai yale na mikate ile ni salama kwa bibi, mradi muulize kama mayai hayakunyunyiziwa nguruwe juu. Msiende mikono mitupu. Mkipeleka sambusa za dengu, hema zima litawajua. Mchukulieni bibi kiti cha kukunja, mfike kabla timu haijapita katikati ya bustani ikielekea uwanjani, yaani kama saa mbili kabla ya mchezo, kwani baada ya hapo kupenya na mtu mzima ni kazi.

Usiku, ninyi mnaokula kuku mtumeni kijana kwenye kituo cha mafuta kilicho karibu na Square akawaletee kuku wa kijitini, ambaye wanafunzi humpangia foleni hadi usiku wa manane. Ni mfano wa mshikaki, ila umechovywa unga na kukaangwa, na katikati ya minofu kuna viazi na vitunguu.