Naomba ushauri: taasisi ya kutafuta watoto waliopotea, nitajuaje kama ni ya kweli?

Nyota Njema: Wakuu, heshima kwenu. Taasisi ya kutafuta watoto waliopotea ilinipigia simu, kisha ikaleta barua yenye picha sita. Wanasema mwaka jana "walisaidia kupatikana" watoto 900. Nataka kuchangia, ila nina wasiwasi. Siku ya tatu leo usingizi hauji.

Daftari la Hesabu: Mkuu, hiyo 900 ichambue kwanza. Watoto wengi wanaoripotiwa hurudi wenyewe au hupatikana na polisi ndani ya saa au siku chache. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 ulikadiria walioripotiwa kuwa 797,500. Waliotekwa na mtu wasiyemjua au wanayemjua kidogo tu, ule utekaji mkubwa unaotangazwa, walikuwa kama 115. Taasisi yaweza kubandika picha leo, mtoto akarudi kesho kwa miguu yake, nayo ikajiandikia ushindi. Waulize kwa maandishi: kesi ngapi zina namba ya jalada la polisi, ngapi zilifungwa kwa taarifa iliyopitia kwenye simu yao, na wangapi walirudi wenyewe.

Mama Wawili: Muwaze mtoto kabla ya hela. Picha ya aliyekwisha kupatikana ikiendelea kuzagaa, itamfuata hadi ukubwani. Chukua picha 10 kwenye ukurasa wao, linganisha na matangazo ya polisi. Zikiwemo mbili za waliokwisha rudi, ujue hakuna anayewasiliana na polisi. Kumfanyia mtoto hivyo ni dhambi.

Nyota Njema: Asanteni. Lakini wameandika asilimia 85 ya michango huenda kwenye kazi yenyewe. Si dalili njema?

Daftari la Hesabu: Hapo ndipo panapofichwa mengi. Barua ina picha ya mtoto upande mmoja, fomu ya mchango upande wa pili. Sehemu ya gharama ya kuichapa na kuituma huweza kuandikwa "elimu kwa umma", ikahesabiwa kuwa kazi. Marekani utaiona kwenye Fomu 990, ripoti ya mwaka ambayo taasisi za hisani hupeleka mamlaka ya kodi, sehemu ya IX, mstari wa 26; kiambatisho chake, Jedwali G, kinaonyesha kampuni ya kukusanya michango ililipwa kiasi gani na taasisi ikabaki na nini. Ila mishahara usikimbilie kuilaani. Simu ya saa 24 yenye mpokeaji mmoja kwa zamu ni saa 168 kwa wiki. Hapo huwezi kukosa watu watano.

Zamu ya Usiku: Ipige saa nane usiku, kwa kifupi usizuie laini. Uliza: nikimwona mtoto huyu, taarifa mnampa nani? Wanaofanya kazi hii watakutajia kitengo cha polisi papo hapo.

Jicho Kavu: Mleta uzi, jina la taasisi hutaji, kiasi hutaji. Anayewaza tu kuchangia hakosi usingizi siku tatu. Sema ulichoficha.

Nyota Njema: Sawa. Hela ni ya kikundi chetu cha wazazi, mimi ndiye mweka hazina. Nusu nimeshatuma kabla ya kikao. Walisema kuna mtoto anatafutwa usiku uleule. Kwani mtoto angesubiri kikao?

Daftari la Hesabu: Msako wa usiku uleule ni wa polisi, haungoji mchango wako. Ulituma akaunti gani?

Nyota Njema: Ya mtu binafsi. Walisema ya taasisi iko kwenye ukaguzi.

Jicho Kavu: Hii chai. Huyu ni mmoja wa hao wapiga simu, amekuja kujua wachangiaji wanakagua nini. Wakuu, msimpe mbinu zaidi.

Zamu ya Usiku: Hata akiwa wao, namba ya jalada wakiitunga polisi wataikana. Mbinu zibaki, wapo wengine wanasoma.

Mama Wawili: Kama ni kweli, piga benki sasa hivi, sema umetapeliwa, omba muamala uzuiwe, hela kama hiyo huhamishwa haraka. Kisha nenda polisi na barua, bahasha, namba ya simu na risiti. Mwenyekiti ajue leo, tena kutoka kwako.

Nyota Njema: Benki wamenipa namba ya malalamiko. Mwenyekiti hapokei, nimemwachia ujumbe. Picha ya mtoto wa usiku ule nimeiona kwenye tangazo la polisi. Alipatikana miaka miwili iliyopita.