Wachapaji wa steshenari mnatuharibia kazi! Nafasi ya mistari haiwekwi kwa Enter

Wakuu, nina hasira hata usingizi hauji.

Nilipeleka ripoti yangu ya fildi steshenari moja jirani na chuo, imeandikwa kwa mkono, nikatoa masharti matatu tu: Times New Roman saizi 12, nafasi ya mistari iwe mstari na nusu, pambizo la kushoto inchi moja na nusu ili ikibaindiwa maandishi yasimezwe. Dada wa pale akanijibu, "Poa kaka, njoo kesho." Nikalipa kurasa 41, mia tano kila moja.

Nafika geto, nafungua faili kwenye Word, pambizo ni inchi moja pande zote. Nikasema sawa, narekebisha mwenyewe. Kuligusa tu, ripoti nzima ikavurugika! Mstari mrefu, chini yake maneno mawili yamebaki peke yao, halafu mstari mtupu, halafu mrefu tena, kuanzia utangulizi hadi hitimisho. Nikabonyeza Ctrl+Shift+8 kuona alama zilizofichwa. Kila mwisho wa mstari kuna ¶ mbili, alama ya Enter! Yaani akifika ukingoni anapiga Enter mara mbili, kama yuko kwenye taipureta. Hiyo si mstari na nusu, ni dabo, ndiyo maana kurasa thelathini na kidogo zikawa 41. Nimelipia nafasi tupu.

Na kazi yenyewe ni ya sekunde tatu. Ctrl+A kuchagua yote, Ctrl+5 unapata mstari na nusu. Dabo ni Ctrl+2, singo ni Ctrl+1. Basi! Wala msidhani Word ukiiacha ilivyo inakupa singo. Toleo la 2007 lilikuja na nafasi ya mistari 1.15, la 2013 likaja na 1.08 pamoja na nafasi ya pointi 8 baada ya kila aya. Hizo za baada ya aya nazo mnaziacha hapohapo, msimamizi akishika karatasi anaziona papo hapo.

Nimefuta Enter moja moja hadi saa tisa usiku, maana ukizifuta zote kwa mkupuo, aya nazo zinaungana. Msimamizi wangu anasahihisha kwa kalamu katikati ya mistari. Ile nafasi anaihitaji, si urembo!

Asubuhi narudi pale kudai hela ya kurasa zilizozidi. Aliyewahi kurudishiwa kwa kazi ya namna hii aniambie aliwabana vipi.