Unakodi jumba la urithi kwa harusi? Uliza kwanza warithi wako wangapi!

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi, nina hasira toka Jumamosi.

Harusi ya mdogo wangu tuliipeleka Unguja, kwenye jumba la shamba la ukoo mmoja nje kidogo ya mji. Jumba zuri, silikatai: mlango wa nakshi, baraza pana, minazi mpaka pwani. Mwenyeji akajinadi ni mali ya babu yake, akachukua milioni 3 na laki 6 zote mapema. Risiti kaandika kwenye karatasi ya daftari. (Najua, msinianze.)

Saa tisa alasiri tunafika na biharusi, mlango una kufuli jipya. Barazani kakaa mzee na kanzu yake, anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Nani kawakodisha?"

Tukamtaja. Mzee akacheka! Kumbe warithi ni 11, mirathi haijagawiwa, na huyo wetu "fungu lake halifiki hata ngazi". Anataka laki 8 za upande wao ndipo afungue. Biharusi yumo garini, hina mpaka viwikoni, jasho linachuruzika, masufuria ya biriani yanapoa. Nilijua kifungua mlango anatoa bwana harusi, kumbe na sisi tunacho chetu. Tukalipa.

Ndani balaa la pili. Tuliahidiwa ukumbi wa watu 200. Nyumba zile za mawe dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiendi mbali, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba kama behewa. Ukiweka meza ya duara, mwenye sinia hapiti. Wageni wamekula chini ya minazi.

Mpambaji kagusa ukuta tu, bonge la plasta likamshukia bibi yetu kwenye ushungi. Mzee huyoo, laki 2, "mmevunja ukuta wa babu". Mimi ni fundi ujenzi, nikachungulia: wameziba kwa saruji badala ya chokaa, unyevu umenasa ndani, ukuta unabanduka wenyewe!

Mwenyeji simu yake ilikuwa inaita tu. Jana ndiyo kanitumia ujumbe: "Samahani kaka, mambo ya kifamilia."

Wa Zanzibar nisaidieni: hii hela namdai yeye au ukoo mzima? Nianzie kwa sheha au niende polisi moja kwa moja?