Nothing Has Changed ya Bowie, mbona inaanzia mwisho?

kaseti_ya_mjomba:
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaomjua vizuri David Bowie, yule mwanamuziki wa Uingereza. Shemeji kaniazima Nothing Has Changed, mkusanyiko wa nyimbo zake, ile ya CD tatu yenye nyimbo 59, nikaiweka jana usiku napiga pasi nikitegemea vibao vyake vya zamani vya redioni, kinachotoka ni jazi, wimbo wa zaidi ya dakika 7, matarumbeta yanapishana na mtu mzima anaimba kama yuko msibani. Nikaruka mbele nikakuta ngoma za mashine zinakimbia kama singeli, CD ya pili disko, ya tatu roki. Kweli ni mtu mmoja huyu? Na nianzie wapi nisikate tamaa?

Gitaa kavu:
Ni mmoja mkuu, na mpangilio ni wa makusudi. Ilitoka Novemba 2014, na CD tatu zinarudi nyuma. Huo wa kwanza ni Sue, alirekodi mwaka huohuo na okestra ya jazi ya Maria Schneider akiwa na miaka 67, na wa mwisho kabisa ni Liza Jane wa 1964 alipokuwa na 17. Yaani ukisikiliza bila kuruka unamsikia mzee anazidi kuwa kijana mpaka anabaki mtoto wa London anayeiga bluzi za Wamarekani, mimi mara ya kwanza nilipofika pale nilikaa kimya muda mrefu. Usiruke. CD moja kila usiku, taa umezima. Ukifika wimbo wa pili, Where Are We Now?, ujue aliuachia siku ya birthdei yake ya miaka 66 bila tangazo lolote, baada ya miaka kumi hivi bila albamu mpya, sikiliza sauti ilivyochoka halafu uje uilinganishe na ile ya wimbo Heroes wa 1977 anavyopasua koo, hutauliza tena kama ni mtu mmoja.

mama_rekodi:
Gitaa nakuheshimu ila mgeni usimpe Sue kwanza, utamkimbiza. Kaka anza CD ya tatu, Space Oddity, Changes, Life on Mars?, Starman, hapo ndo utaelewa watu walimpendea nini. Kisha Young Americans ya 1975, alienda Philadelphia kwenye muziki wa watu weusi na mmoja wa waitikiaji ni Luther Vandross kabla hajawa na jina. Halafu Let's Dance, 1983, kaitengeneza na Nile Rodgers wa bendi ya disko ya Chic na gita kapiga Stevie Ray Vaughan, mtu wa bluzi wa Texas ndani ya wimbo wa disko!! Huyu jamaa alikuwa anajua kuchagua watu, kila akibadilisha staili anabadilisha na wenzake, na mimi naona siri yake yote iko hapo.

Kisauni_95:
Na CD ya pili msiipite haraka, kuna Under Pressure aliyoimba na bendi ya Queen, hapo mwimbaji wao Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja anapandisha sauti na Bowie anashuka chini, nikiisikia mpaka leo nywele zinasimama. Kinachoniuma mimi ni albamu yake Lodger ya 1979. Kabla ya albamu ile Bowie alikuja Kenya kutembea, akatoa humo African Night Flight ambayo ndani yake anaimba maneno yetu, habari habari, asante, ameyavuruga lakini yamo, na kwenye nyimbo 59 huo hawakuuweka. Na mkewe Iman, Msomali, alisoma chuo kikuu cha Nairobi na hapohapo Nairobi ndo alipoonekana na mpiga picha wa Kimarekani akawa modo. Sisi wa huku hatukuwa mbali naye kihivyo.

kaseti_ya_mjomba:
Asanteni sana wakuu. Mama_rekodi nimefuata wako, nimeanza ya tatu, Life on Mars? nimeirudia mara nne. Ile piano jamani. Je nyimbo za mwisho kabla hajafariki zimo humu?

Gitaa kavu:
Hapana, hizo ziko kwenye albamu yake ya mwisho, Blackstar, ilitoka tarehe 8 Januari 2016, siku mbili kabla hajafa. Ila Sue imo mule pia, kairekodi upya na bendi nyingine, nzito zaidi. Ukimaliza hizi tatu itafute.